Bibi Asiyekuwa na Fishi

Barua yenu imefika. Imepigwa chapa vizuri, ina muhuri, na imekunjwa kwa adabu. Nyinyi madaktari vijana mnaomaliza masomo mwaka huu mnaniomba niwaandikie kurasa mbili, "zenye kutia moyo," juu ya daktari bora na mwenye kuridhika na kazi yake. Kurasa mbili! Zaidi ya miaka thelathini nimezunguka vitanda vya wagonjwa hapa Bujumbura, magoti yote mawili yamekwisha, na mnataka kurasa mbili zenye kutia moyo. Halafu hapo chini mmenipangia kabisa na vichwa vidogo: huruma, nidhamu, mawasiliano, kujitunza. Sasa kama majibu mnayo, mimi mzee mmenitafutia nini?

Nitaandika ninavyotaka mimi. Atakayechoka aweke chini akalale.

Acha nianze na kilichoniudhi, maana bado hakijanitoka. Miezi michache iliyopita presha ilinipanda, nikalazwa siku tatu. Asubuhi akaja mmoja wenu na kundi lake. Akasimama miguuni pa kitanda, macho kwenye simu, akasema, "Ça va, papa?" Nikajibu, "Ça va," yaani salama. Akaandika, akasogea kitanda cha pili. Jamani! Kichwa kinanigonga, sijapata usingizi, na mimi mwenyewe ni daktari, nimejibu ça va. Kwa nini? Kwa sababu mama yangu alinilea mtaani Bwiza, akanifundisha kwamba mtu akikuuliza hali mbele za watu unajibu salama. Kisha mnakaa, mnaulizana habari za watoto, na taabu inatoka polepole yenyewe. Hapa kwetu mtu anaweza kuwa amefiwa alfajiri, na ukimsalimia saa mbili akakujibu amahoro, yaani amani. Ni heshima tu, haihusiani na hali yake. Kijana yule ni wa hapahapa, bibi yake anajibu hivyohivyo, lakini akishavaa koti jeupe amesahau alikozaliwa. Ameandika kwenye fishi yangu, ile karatasi ngumu inayoning'inia kitandani, kwamba niko vizuri. Nimeisoma kwa macho yangu.

Msidhani nawatukana kana kwamba mimi nilizaliwa najua. Nilikuwa mjinga kuwashinda nyinyi. Tofauti ni kwamba ujinga wangu ulikuwa na msimamizi, na jina lake lilikuwa Mama Spesioza.

Alikuwa muuguzi mkuu wa wodi ya wanawake, mwanamke mfupi wa Ngagara, Kartiye ya Nne, mwenye sauti ya kukwaruza na miwani iliyofungwa kwa uzi. Vyeti vyake vilikuwa vichache kuliko vyangu, na jambo hilo halikumsumbua hata kidogo. Wiki yangu ya kwanza nilimsikiliza mama mmoja kifuani, mbele, nyuma, kushoto, kulia. Kimya. Nikawageukia wanafunzi wa uuguzi, nikaanza kuwaeleza kwa Kifaransa kizito kwamba pafu hili limejaa maji, ndiyo maana halisikiki. Mama Spesioza akanyoosha mkono, akazungusha kile kichwa cha stetoskopu nilichokuwa nimesahau kukigeuza, akasema, "Sasa sikiliza tena, muganga. Pengine maji imekauka." Wodi nzima ikacheka. Mgonjwa naye akacheka mpaka akakohoa, na kile kikohozi ndicho kilichonionyesha ugonjwa wake.

Huyo ndiye aliyenifundisha kukaa. Kila kitanda nilichokwenda aliniwekea kigoda.

"Kaa, muganga."

"Nina vitanda ishirini na nne, mama."

"Kaa. Mugonjwa akikuona umesimama, anajua unataka kuenda. Atakujibu haraka-haraka ili usichelewe. Atakuonea huruma we, na ugonjwa atabaki nayo."

Alinifundisha pia kwamba ukibonyeza tumbo usiangalie tumbo, angalia uso. Sugua viganja vyako kwanza vipate joto, kwa sababu mkono wa baridi unalifanya kila tumbo kuwa gumu. Ukitaka kujua kama mtoto anapona, usiharakishe kuangalia kipimo cha homa, angalia kama mama yake ameanza kusuka nywele. Na mgonjwa akikushika mkono wakati unaondoka, rudi ukae tena, maana sababu iliyomleta hospitali ndiyo sasa inataka kutoka mdomoni. Mambo haya hayamo kwenye mashine yenu ya picha za tumboni. Mashine ni nzuri, siikatai, laiti tungekuwa nayo. Lakini naona mnaitazama skrini mgonjwa akiwa amekunja uso kwa maumivu pembeni yenu, na damu inanichemka.

Wakati ule hatukuwa na cha kutazama zaidi ya uso. Ilikuwa vita. Sitawahadithia vita, wazazi wenu wanaijua na kama hawataki kuizungumza wana sababu zao. Nitawaambia ilivyokuwa wodini. Filamu za radio, zile za kupigia picha vifua, zilikwisha, tukawa tunapiga vifua kwa vidole kama zamani. Maabara walikuwa na darubini lakini dawa ya kutia rangi hawana. Na watu hawakuweza kupita. Kulikuwa na siku vijana wanafunga mitaa, hakuna wa kuingia wala kutoka. Muuguzi wa Kinama hafiki, wa Ngagara hafiki, na aliyekuwa zamu anabaki zamu mpaka njia ifunguke. Mimi niliyekaa Bwiza nilitembea kwa miguu, na ndiyo maana mara nyingi nilijikuta daktari pekee wa wodi mbili.

Sasa sikilizeni vizuri. Kwenye vitabu vyenu, ukurasa wa kwanza wa kumpokea mgonjwa, mnafundishwa kuuliza: jina nani, umri gani, unakaa wapi, unafanya kazi gani, siku za karibuni ulikuwa wapi. Ni maswali mazuri, siyapingi. Lakini enzi zile maswali hayohayo, karibu kwa mpangilio huohuo, ndiyo mtu aliyoulizwa kwenye bariyeri, vile vizuizi vya barabarani, na watu wenye silaha. Jina nani, mtoto wa nani, unatoka wapi, unaenda kwa nani. Ukikosea kujibu, hukupewa nafasi ya kusahihisha. Hivyo watu walikuwa na majibu yao tayari, waliyoyafanyia mazoezi, na walikuja nayo hospitali. Mimi sikuyajua hayo? Niliyajua. Nilikuwa napita bariyeri hizo kila siku, mfukoni nina kadi yangu na mdomoni nina majibu yangu. Lakini nikishafika wodini nilikuwa daktari, na niliamini daktari haogopwi.

Ndipo akaletwa Rejina, kitanda cha tisa. Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi. Mwanamke wa miaka kama thelathini, mwembamba, homa kali, kichwa kinamuuma hata mwanga hautaki, mwili wote unamuuma. Aliletwa na mama mkwe wake, Bibi Anastazia, ambaye ndiye alikuwa murwaza wake. Kwa wale waliosomea mbali wakasahau: murwaza ni yule ndugu anayekaa na mgonjwa hospitali, anayempikia uani, anayemwosha, anayefua nguo zake, anayelala kwenye mkeka chini ya kitanda. Bila murwaza hospitali zetu zingefungwa kesho. Hana mshahara, hana kitanda, na kwa madaktari wengi hana uso. Sheria yetu ilikuwa kwamba murwaza akiumwa anarudishwa nyumbani, aje mwingine mzima.

Nikauliza, nimesimama, mbele ya vitanda ishirini na nne, "Unakaa wapi, mama?"

"Bwiza, muganga," akasema Rejina.

Ala! Bwiza ni kwetu. Nikafurahi kama mtoto. "Bwiza avenue gani?"

Akasita. "Ya tano."

"Ya tano upande gani? Kwa nani? Pale kwenye kona anauza makaa nani?"

Nilikuwa natania, nawaapia. Ndivyo watu wa Bwiza tunavyotambuana. Lakini nilikuwa natania na mtu ambaye hakuwa anatoka Bwiza. Akamwangalia mama mkwe wake, mama mkwe akaangalia sakafu. Rejina akasema, "Mi ni mugeni kidogo pale. Niko kwa dada." Sauti ilikuwa imebadilika. Watu wa vitanda vya jirani wakaacha kuongea ili wasikie.

Nikajua ananidanganya. Na hapa ndipo mnielewe, kwa sababu hili ndilo kosa langu na nimelibeba mpaka leo. Sikujiuliza kwa nini mtu mwenye homa ya kuweza kumuua anadanganya anapokaa. Nilikasirika. Nikaona ananidharau, mimi, daktari, mtoto wa Bwiza! Nikaandika kwenye fishi: Bwiza, malaria, kwinini. Na chini yake nikaongeza kwa Kifaransa kwamba mgonjwa hatoi ushirikiano. Lo, kalamu yangu ilikuwa na kiburi.

Tangu hapo kila asubuhi ilikuwa hivi.

"Umeamkaje?"

"Salama, muganga."

"Kichwa?"

"Kidogo tu."

Ikaja Jumapili, Jumatatu, Jumanne. Kwinini ilidondoka kwenye sérum, ile chupa ya maji ya mshipani, lakini homa haikutikisika. Kwinini mnaijua inavyofanya masikio, yalimlia mpaka akawa hasikii ukimsemesha kwa sauti ya kawaida. Mimi nikaongeza kipimo. Jumatano asubuhi alianza kuongea maneno yasiyoeleweka, na midomo ilikuwa imekauka nyeusi. Nikamwambia Mama Spesioza kando kwamba huyu tunampoteza, malaria imepanda kichwani.

"Malaria," akasema. "Siku ine ya kwinini, na bado malaria."

"Sasa mama, wewe unadhani nini?"

"Mi sidhani kitu. We ndiye unasoma vitabu. Mi ninaona tu huyu mama unamuuliza kama bariyeri."

Nikamjibu vibaya, sitaandika nilivyosema. Hakujali. Alichukua karai la maji ya vuguvugu, akazungushia kitanda kitambaa, akanivuta mkono nami nikaingia ndani ya kile kitambaa. Akaniketisha kwenye kigoda na kuweka kidole mdomoni pake, yaani ninyamaze. Akaanza kumwosha Rejina na kuongea na Bibi Anastazia kwa sauti ya chini, habari za kawaida kabisa.

"Bibi, hii maji ya hapa munaionaje?"

"Inanuka dawa," akasema bibi.

"Kule munachota wapi?"

"Kule ni mutoni. Lakini mbali. Na baridi!"

"Baridi ya kushika mifupa."

"Eeh mwanangu! Tulilala watu kumi na mbili, blanketi moja inafunika watu ine. Mimi na huyu tulikumbatiana kama watoto."

"Na hii nguo yake, ameivala tangu lini?"

Bibi akahesabu kwa vidole. "Tangu tutoke Carama. Risasi ilipoanza tulikimbia hivi-hivi. Sasa ni miezi miwili."

Basi. Maswali matatu, na hakuna hata moja lililouliza unatoka wapi. Walikuwa na nyumba Carama, pembeni ya mji, na kashamba ka lengalenga, mchicha wetu. Walikimbilia milimani, wakakaa kwenye kambi, wakaumwa, wakashuka. Na kwa kuwa aliyeshuka kutoka milimani siku zile alionekana adui na huyu na yule, wakakubaliana njiani waseme Bwiza.

Mama Spesioza akageuza mshono wa blauzi ya Rejina, akanionyesha. Chawa, wamepangana kwenye uzi. Akainua mkono wa mgonjwa, na kwapani, kwenye ngozi ambayo siku nne sikuwa nimeigusa, kulikuwa na vidoadoa. Baridi, msongamano, chawa, homa, kichwa, vipele: mwanafunzi wa mwaka wa tatu angeutaja ugonjwa huo, homa ya chawa, tifasi. Na dawa yake tulikuwa nayo kabatini, doksisilini, vidonge viwili. Viwili tu, vinamezwa mara moja. Siku nne nilikuwa nazunguka mbele ya kabati lile.

Nikamtolea vidonge. Bibi Anastazia akavitazama kiganjani kwa mashaka makubwa, maana watu wetu wanaamini sérum na sindano, kidonge ni cha mtu mwenye mafua. "Viwili tu, muganga? Na sérum munamutolea?" Nikamwambia ndiyo, viwili tu, na nikamweleza kwa madaha yote ugonjwa ulivyo. Nikamwambia chawa hapendi homa. Mwili ukichemka sana anauacha na kuhamia mwili wa jirani wenye joto la kawaida, na hivyo ndivyo ugonjwa unavyotembea. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu, mbele ya bibi yule, ambaye alikuwa ameshika chuma cha kitanda kwa mikono miwili ili asimame wima. Nikafikiri ni uzee.

Mama Spesioza alipokuwa anavua aproni kwenda kwake mchana ule, akaniambia mlangoni, "Muganga, hao wawili wamelala blanketi moja. Usisahau."

"Sitasahau," nikasema. Na sikusahau. Niliagiza blanketi lichemshwe.

Mmeelewa? Blanketi.

Alhamisi na Ijumaa Ngagara ilifungwa. Mama Spesioza hakuweza kuja, tukabaki mimi, muuguzi mmoja aliyechoka, na vitanda vyote. Alhamisi jioni homa ya Rejina ilianza kushuka. Ijumaa asubuhi nilimkuta ameketi. Ameketi, jamani! Macho meupe, anaomba uji. Masikio bado yalikuwa yamezibwa na kwinini, ilibidi nimpigie kelele, lakini alicheka. Nikamuuliza, "Kichwa?" akasema, "Ilikuwa inauma sana, muganga, ilikuwa inapasuka," na hayo ndiyo maneno ya kweli ya kwanza aliyoniambia. Mliniuliza habari za kuridhika kwenye barua yenu. Haya, nimeridhika siku ile. Niliridhika mpaka nikaimba korido nzima. Nikawaita wanafunzi, nikawasimamisha kuzunguka kitanda, nikawaeleza vipele, chawa, vidonge viwili, jinsi mtu anavyouliza maji mnachota wapi badala ya unatoka wapi. Nilieleza vizuri sana. Nilipoinama kumpima Rejina niliona mkeka wa chini ya kitanda haupo, na nikawaza kwamba wodi imeanza kuwa safi.

Jumamosi njia ilifunguka. Mama Spesioza akaingia saa moja na nusu, hata aproni hajafunga. Nikamkimbilia. "Mama, njoo umwone Rejina!"

Akamwona kutoka mlangoni, akatikisa kichwa kwa furaha, halafu akainama, akaangalia chini ya kitanda.

"Bibi iko wapi?"

"Bibi gani?"

Hayo ndiyo niliyojibu. Nayaandika ili msome. Nilisema, bibi gani.

Alitoka kwa mlango wa nyuma kwenda uani, kule warwaza wanakopikia, nami nyuma yake. Wanawake walikuwa wanapuliza moto. Nyuma ya rundo la kuni, kwenye kivuli, palikuwa na mkeka, na juu yake kitenge kimefunika mtu. Mmoja wa wale wanawake akaanza kujitetea kabla hatujauliza. "Alituomba tusiseme. Alisema mukijua anaumwa mutamufukuza, na muke wa mutoto wake atabaki bila mutu." Kumbe tangu Jumatano ndio waliokuwa wanampikia Rejina kwa zamu, wakimpelekea na kumwambia mama amepumzika kidogo. Wao, wageni kabisa, wengine wa mitaa iliyokuwa inapigana yenyewe kwa yenyewe.

Bibi Anastazia alikuwa hai. Tulimbeba, tukampa kitanda, tukampa vidonge vyake viwili, nikampondea kimoja kimoja kwenye kijiko cha maji kwa sababu hakuweza kumeza. Nilifanya kila nilichojua siku ile, na nilikaa kwenye kigoda bila kuambiwa. Lakini ugonjwa ule kwa mzee hauna subira. Jumapili, saa tano mchana, alikata roho. Ilibidi muuguzi atafute fishi mpya ili tuandike kifo chake, kwa sababu siku nane alizokaa hospitali yetu hakuwa nayo. Tulianza fishi yake kwa mstari wa mwisho.

Nimekuwa daktari miaka mingi baada ya hapo. Raundi yangu nilianza kwa murwaza, nikimshika paji la uso kabla ya kumshika mgonjwa, na wenzangu walinicheka wakasema nimekosa kazi. Wacheke. Nyinyi pia chekeni, lakini inameni mtazame chini ya kitanda. Mkiniuliza daktari mwenye kuridhika ni yupi, nitawaambia siku niliyoridhika kuliko zote ni ile Ijumaa niliyowaambia, na bibi alikuwa nyuma ya kuni, hatua arobaini kutoka niliposimama nikifundisha. Kwa hiyo neno hilo mliondoe kwenye barua yenu, linanichefua. Ubora nao mtautafuta wenyewe, kitanda kwa kitanda, mpaka mzeeke.

Aliyebaki ni Rejina. Mama Spesioza alisema atamwambia yeye, nikakataa. Nikakaa. Masikio yake yalikuwa bado hayajafunguka, kwa hiyo nilipomwambia kwa upole hakusikia, akatabasamu, akaweka mkono sikioni ili nirudie. Ikanilazimu kupaza sauti. Nilimwambia mama mkwe wake amefariki, nikilitamka neno hilo kwa nguvu mara mbili, na vitanda vyote ishirini na nne vikasikia kabla yeye hajasikia.

Hakulia mara moja. Akaniuliza, kwa sauti kubwa ya mtu asiyejisikia mwenyewe:

"Alikuwa anaumwa wapi?"

Tangu Jumamosi ile walipofika nilikuwa nimempita bibi yule asubuhi na jioni, nikiruka miguu yake nipate kumfikia mgonjwa wangu. Sikujua alikuwa anaumwa wapi. Hakuna aliyemuuliza.